Mzimu Anayepelekewa Sabuni

Kitabu kile kilitukera. Nalisema hili mapema, maana siku hizi wajukuu zangu wakisikia habari zake hudhani tulikaa tu tukilia kama wajinga. Tulilia, ndiyo, lakini tulilia tukiwa tumekasirika, na kilio cha namna hiyo hakiishii kwenye pembe ya kanga.

Kilikuja katika sanduku la vitabu vya kisomo cha watu wazima kutoka Korogwe, mwaka ule wa sabini na tano. Jalada lilikwisha ng'oka pamoja na kurasa za mbele, hata jina lake hatukulijua. Vitabu vingine sandukuni vilikuwa vya samadi, vya choo bora na vya kufuga kuku. Hiki kilikuwa cha mapenzi na hofu. Kilitungwa Ulaya zamani sana, kisha mtu mwenye subira akakileta katika Kiswahili. Mwalimu Bernadina alikikuta chini kabisa ya sanduku, akasema tutasoma siku moja samadi na siku moja raha. Tulianza na raha. Zamu ya samadi haikufika.

Kijiji chetu cha Kwamzumba kilikuwa bado kipya. Operesheni ya vijiji vya Ujamaa ilikuwa imewakusanya watu kutoka vitongoji vya mbali, huyu ameletwa huku, jirani yake amepelekwa kule, wakapangwa kwa mistari kama mahindi. Mimi sikuletwa na operesheni, nililetwa na ndoa. Baba yangu alifanya kazi stesheni ya Korogwe, nami nikaolewa na Semboja, balozi wa nyumba kumi, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia safi. Alimwambia baba mbele ya mashahidi kwamba aliwahi kuwa na mke, lakini mke huyo alikataa kuhamia kijijini, wakaachana, akarudi kwao upande wa Pangani. Baba akaitikia. Kijiji kizima nacho kilikuwa kimeambiwa hivyo hivyo.

Kwa kuwa nilimaliza darasa la saba, Mwalimu Bernadina alinifanya msomaji wa darasa. Jioni tulikaa chini ya paa la ofisi ya kijiji, wanawake peke yetu, wengine wanamenya maharage, mimi nasoma. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Binti wa fundi cherehani anaolewa na bwana tajiri mwenye jumba kubwa juu ya kilima cha baridi. Upande mmoja wa jumba umefungwa, na kila jioni binti anasikia kengele ndogo ikilia huko. Akimuuliza mumewe, anajibiwa kwamba ni upepo.

Jumba hilo hatukuweza kuliona akilini, ikabidi Bernadina atusaidie. Yeye alizaliwa kambini Mazinde, baba yake mkata mkonge aliyetoka mbali, na utotoni aliitazama nyumba ya bwana meneja kutoka chini mashambani. Alituambia ilikuwa na madirisha mengi kuliko watu, na kwamba yule mama aliyekuwa akifua pale alikatazwa kupanda ghorofani. Tukaelewa. Kuanzia siku hiyo jumba la kitabuni likawa Mazinde, na mkonge ukaota kuuzunguka ule ubaridi wote wa Ulaya.

Nilipofika ukurasa wa mwisho, tulikuta mpiga kengele ni mke wa kwanza wa yule bwana, mzima wa afya, amefungiwa kwa sababu mumewe aliona haya kusema yupo. Kabla hajafunguliwa akafa ziwani. Bwana akalia kidogo, akapona, akaishi raha mustarehe na binti wa fundi. Nikafunga kitabu. Maharage yalikuwa hayamenywi tena.

Bibi Tatu ndiye aliyeanza. Huyu alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi, sauti nzito, na darasani alikaa nyuma ili asizibe watu.

"Bi mkubwa kafa kwa kosa gani?" akauliza.

Bernadina akaanza kueleza kwamba watunzi wa zamani walikuwa na kawaida ya kuwaondoa watu namna hiyo ili kisa kifike mwisho. Bibi Tatu hakumngoja.

"Na huyo binti wenu mnayemlilia, hana adabu. Umeingia nyumba ya watu, umepewa ufunguo wa ghala, huulizi kabla yako alikuwepo nani? Huendi kumwamkia?"

Wote wakaunga mkono. Kwetu mke mdogo haanzi kukoroga chungu kabla hajapelekwa kwa bi mkubwa. Anapiga goti, anatoa shikamoo, anampa doti ya kanga, ndipo anaonyeshwa jiko. Wakristo waliokuwapo hawakuwa na desturi hiyo, lakini nao walikubali kwamba binti amekosa. Nikacheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani kicheko kilinikauka, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia jikoni bila kumwamkia mtu, na yule niliyepaswa kumwamkia sikuwahi kumwona hata kivuli.

Siku zilizofuata darasa lilipoa. Mtu akishamaliza kitabu cha namna ile anataka kuona zaidi, asikie zaidi, na samadi haiwezi kumtosha. Bernadina alituambia kwamba mijini watu huenda sinema wakaangalia jumba lenyewe na kusikia kengele yenyewe, au hukaa karibu na redio kusikiliza mchezo. Redio ya kijiji ilikaa kwa Katibu Kibwana, na betri zake zilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari. Gari la sinema liliahidiwa kuja siku ya Saba Saba, lakini Katibu alisema litaleta picha za malaria na pamba.

"Basi kisa hiki tutakicheza wenyewe," akasema Bibi Tatu. "Na bi mkubwa hafi."

Tukaanza mazoezi, nami nikapewa kuwa binti wa fundi. Pembeni nikaanza kutazama na kusikiliza mambo yangu.

Ng'ambo ya korongo palikuwa na mahame, kile kitongoji cha zamani cha mume wangu, kilichohamwa chote. Yeye mwenyewe kama balozi ndiye aliyethibitisha kwamba hapana mtu. Asubuhi kukiwa na utulivu nilisikia kutoka huko mdundo wa mchi ndani ya kinu. Jioni nyingine uliinuka moshi mwembamba. Vyote hivyo nilikuwa nimevisikia na kuviona tangu nilipoolewa, na kila nilipouliza niliambiwa ni mizimu ya wazee, imekasirika kuachwa. Wachuma kuni walikuwa wamekwenda karibu, wakasikia wanaitwa kwa majina, wakatupa kuni wakakimbia. Mume wangu ndiye aliyekuwa jasiri peke yake. Kila baada ya siku chache alichukua kikapu cha unga akaenda kuwatambikia wazee, na kijiji kikamshukuru.

Kabla ya kitabu, nami nilimshukuru. Baada ya kitabu, nilifunua kikapu.

Ndani mlikuwa na unga, sawa. Mlikuwa na chumvi imefungwa kwenye karatasi. Chini ya chumvi palikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilikishika kile kipande nikasimama nacho jikoni, na hasira iliyonipanda ilikuwa ya mtu aliyefanywa mtoto. Hata asiyejua matambiko anajua kwamba mizimu haipelekewi chakula chenye chumvi. Na mzimu gani anafua?

Sikumwuliza Semboja. Kama angenijibu kwamba ni upepo, ningemtupia chungu. Nilimwacha akaenda Handeni kwenye mkutano wa mabalozi, nikachukua doti yangu mpya ya kanga ambayo baba alininunulia Korogwe, nikavuka korongo mchana kweupe.

Nyumba ilikuwa moja tu iliyosimama, uwanja umefagiliwa. Mwanamke wa makamo alikuwa anatwanga. Alipiga mara mbili katikati ya kinu na mara moja ukingoni, mara mbili katikati na mara moja ukingoni, na hapo nikajua kwamba mdundo huo ndio ulioniamsha asubuhi zote za ndoa yangu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Akasimamisha mchi. Alinitazama, kisha akatazama kanga niliyomwekea mbele yake.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini umekuja."

Jina lake Fatu. Hakuwa mwendawazimu wala hakuwa mgonjwa. Hakuwahi kupewa talaka. Operesheni ilipokuja, Semboja alimwambia asubiri kidogo mpaka apate kiwanja cha pili, kwa kuwa kila mke ana haki ya nyumba yake na uwanja wake. Tangu hapo masika mbili zilikuwa zimepita.

"Kwa nini hukuja mwenyewe kijijini?" nikamwuliza.

"Nije kama nani? Mke haendi kujitafutia ukumbi. Nikitokea pale peke yangu watasema nimekuja kukufukuza wewe, na mgomvi nitakuwa mimi. Na kwetu siwezi kwenda bila talaka, nitakuwa nimetoroka. Nikiwaita watu wa kuni, wananikimbia. Wamekwisha ambiwa mimi nimekufa, au mimi ni wazee waliokufa, hata sijui."

"Na yeye anasema nini?"

"Ana sababu yake. Ni ya kijinga, lakini ni yake. Aiseme mwenyewe."

Nikamwambia nitakwenda kwa Katibu siku hiyo hiyo. Akakataa. Alisema Katibu atamwita Semboja ofisini, wanaume watazungumza wakiwa wamefunga mlango, na yeye atabaki habari tu. Alichotaka kilikuwa wazi: nyumba yake, uwanja wake, na watu wamwone kwa macho yao akiingia kijijini kama mke, si kama maiti aliyefufuka.

"Mke mdogo akija kunichukua mbele ya watu, hiyo ni heshima," akasema. "Hapo nitakwenda."

Nikamweleza habari ya kitabu. Alisikiliza huku anapepeta. Nilipofika pale bi mkubwa anapokufa ziwani, aliuliza kama ziwa lilikuwa karibu na nyumba. Nikasema ndiyo. Akasema huyo mtunzi alikuwa mvivu. Halafu nikamwambia kuna mchezo, na mchezo una nafasi ya mtu mmoja nyuma ya pazia. Akaweka ungo chini, akacheka kwa mara ya kwanza.

Siri ile tuliijua watatu tu, mimi, yeye na Mwalimu Bernadina; wengine walidhani nyuma ya pazia atakaa Bernadina mwenyewe. Bernadina nusura azirai nilipomwambia, kisha akavaa viatu akaja nami kumwona. Alipotoka mle uwanjani alikuwa analia, akasema yule mama wa kufua wa Mazinde hakuwahi kuulizwa kwa nini anakatazwa kupanda ghorofani.

Siku ya Saba Saba gari la sinema lilifika kweli, limejaa vumbi jekundu la njia ya Korogwe. Shuka jeupe likafungwa kati ya nguzo mbili mbele ya ofisi, watu wakakaa, wazee kwenye viti, Semboja katikati yao na kofia yake. Giza lilipoingia dereva akawasha jenereta. Mbu mmoja mkubwa akatokea kwenye shuka, akatetemeka, akazimika. Dereva akavuta kamba ya jenereta, akaipiga teke, akaifungua, akatuomba radhi. Mashine ilikuwa imekula vumbi jingi kuliko mafuta.

Watu wakaanza kunung'unika. Katibu Kibwana, aliyetunyima nafasi wiki nzima kwa kusema ratiba imejaa, alisimama akatangaza kwamba akina mama wa kisomo wana mchezo wao mfupi.

"Si mfupi," akasema Bibi Tatu, akiinuka na koti refu na kofia ya meneja, vitu ambavyo Bernadina aliviazima kwa mjomba wake Mazinde. Watu wakacheka kabla hajafanya lolote.

Tukaichukua taa ya karabai ya ofisi tukaiweka nyuma ya shuka, na Bernadina akamwingiza huko Bi Fatu, aliyekuwa amemvusha korongo gizani. Mimi nilikuwa binti wa fundi. Nilitandika kitanda, nilikagua ghala, nilimsifu mume wangu, na wanawake walioketi chini wakaguna kwa sababu walikijua kitabu. Kisha nyuma ya shuka ukatokea kivuli cha mwanamke ameshika mchi. Tulikuwa tumeiacha kengele huko huko Ulaya. Kivuli kikainua mchi, kikatwanga. Mbili katikati, moja ukingoni.

Nilimtazama Semboja. Mwanzoni alikuwa anatabasamu. Mdundo ulipofika mara ya tatu tabasamu likamtoka, mikono ikakamata magoti. Mwanaume akikaa na mke miaka ishirini anaujua mchi wake.

"Bwana," nikamwuliza Bibi Tatu kwa sauti kubwa, "upande ule kuna nani?"

"Hakuna mtu, mke wangu. Ni mizimu."

"Mbona unawapelekea unga?"

"Ninawatambikia."

"Na chumvi?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mizimu haili chumvi, huyo bwana ni mwongo. Bibi Tatu, ambaye hakujua kitu, alifurahi sana kuona mchezo unashika.

"Na sabuni, bwana?" nikauliza. "Ni mzimu gani anayepelekewa sabuni?"

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kilifika Handeni mjini. Watu wakaanza kupiga makofi na kudai afunguliwe, bi mkubwa afunguliwe, hata Katibu alikuwa akipiga makofi na kudai pamoja nao. Nikaenda nikakamata ukingo wa shuka, nikalivuta pembeni.

Bi Fatu akatoka. Alivaa kanga niliyompa, mchi mkononi, akasimama mbele ya taa mpaka kila mtu amwone vizuri. Kicheko kilikatika. Mtu mmoja upande wa nyuma akaanza kusoma dua, kisha akaacha, kwa sababu Bi Fatu alikuwa amepiga chafya kwa moshi wa karabai. Mizimu haipigi chafya. Nikapiga goti mbele ya kijiji kizima.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nimekuja kukuchukua nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Nimekubali."

Bibi Tatu alivua kofia ya meneja, taratibu sana, akaenda kukaa chini na koti lake. Bi Fatu akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Mume wangu, waambie mwenyewe."

Semboja akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Ni Azimio," akasema. "Azimio la Arusha. Walitusomea Handeni kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya pili. Mimi ni balozi. Ningejenga mbili ningeitwa bepari, nikanyang'anywa ubalozi. Nikasema nimfiche kidogo mpaka Azimio litulie."

Katibu Kibwana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu Balozi," akasema, "Azimio linakataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bi Fatu alikuwa akikulipa kodi?"

Sijapata kusikia watu wakicheka namna ile, wala sitasikia tena. Wazee walishikana mabega. Dereva wa sinema aliketi chini karibu na jenereta yake akajipangusa machozi. Mwisho Bi Fatu mwenyewe akacheka, ameegemea mchi, na Semboja akafunika uso kwa kofia yake safi. Kwa hofu ya kuonekana tajiri alikuwa amemfanya mkewe fukara kuliko wote. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kumtupia chungu. Yote mawili yaliwezekana.

Kiwanja kilipimwa kesho yake asubuhi, pembeni mwa changu. Kijiji kizima kilikata nguzo, maana kazi ya pamoja ndiyo tuliyoitiwa pale, na safari hii hapakuwa na haja ya kupiga filimbi kuwaita watu. Semboja ndiye aliyekanyaga udongo, miguu mitupu tangu jua kuchomoza, na kila mwanamke aliyepita na ndoo ya maji alimwuliza kama kodi imepanda. Alijibu kila mmoja kwa adabu. Nyumba kumi zilipokutana kumchagua balozi mpya, Bibi Tatu alimtaja Bi Fatu, akasema mtu aliyeishi peke yake na mizimu haogopi kikao chochote. Mikono ikanyanyuka yote, na wa Semboja ulikuwa miongoni mwayo.

Bi Fatu alijiandikisha kisomo akiwa balozi. Kitabu kile alikitaka tangu mwanzo, nikamsomea, na nilipofika ziwani alininyang'anya, akakifunga, akaniambia tukamalizie kwake kwa kuwa chungu kilikuwa motoni. Hakuna aliyewahi kukisoma mpaka mwisho tena pale Kwamzumba. Gari la sinema lilirudi baada ya mavuno na jenereta mpya, tukaangalia malaria yote kwa heshima, kisha watu wakamwambia dereva atuachie shuka.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya kwanza baada ya Bi Fatu kuhamia. Nilikuwa nimelala vizuri. Mdundo ukaniamsha, mbili katikati na moja ukingoni, lakini sasa ulikuwa pale pale ukutani, kiasi cha kutikisa sufuria zangu. Nilikasirika kidogo, maana jua lilikuwa bado. Kisha nikajifunga kanga, nikachukua mchi wangu, nikatoka uwanjani kwake. Akasogea kunipa nafasi bila kusimama, nami nikaingiza mchi wangu katika kinu kile kile pale wake ulipoinuka, tukatwanga.